Mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili: tusiyoyaelewa kuhusu kupima anachomudu mtoto

"Haongei, basi haelewi." Hii ndiyo inayoumiza watoto wengi. Mtindio wa ubongo huathiri mjongeo na mkao wa mwili. Ulemavu wa akili huambatana nao kwa takriban nusu ya watoto, si wote. Misuli ya kinywa ikigoma, maneno hayatoki hata kama mtoto amefuata kila kilichosemwa. Kipimo kinachomtaka ajibu kwa mdomo au apange vipande haraka haraka kitaishia kupima ulimi na mikono.

Wengine huona alama ya IQ, yaani ya kipimo cha akili, inamaliza kazi. Haimalizi. Tangu 2013, mwongozo wa DSM-5 wa madaktari wa akili wa Marekani hupanga ukali wa ulemavu wa akili kwa jinsi mtu anavyomudu maisha ya kila siku, si kwa IQ.

Halafu kuna ile ya "ameshindwa mbele ya daktari, basi hawezi". Anachoweza kwenye chumba cha uchunguzi na anachofanya nyumbani ni mambo mawili, na hupishana kotekote: yupo anayegoma kwa wageni, yupo anayejua kuvaa ila kila asubuhi anavishwa kwa kuwa watu wana haraka. Chukua hilo la shati. Kuandika "hajui kuvaa" hakumsaidii mtu. Je, ananyoosha mkono akiona shati? Anaanza na mkono uliokakamaa, au anauacha mwisho ukwame? Kwenye vifungo, vidole ndivyo havishiki, au amesahau kinachofuata? Wa vidole mpe fulana isiyo na vifungo. Aliyesahau afundishwe hatua moja moja, kwa picha ikibidi.

"Yuko ngazi ya nne" nayo husemwa kana kwamba ni ripoti nzima. Ngazi hiyo ni ya GMFCS ya 1997, mfumo wa kupanga mwendo wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Ina ngazi 5, ya 5 ikiwa nzito zaidi, na inahusu kukaa na kutembea tu. Matumizi ya mikono yana mfumo wake, MACS, na mawasiliano yana wake, CFCS. Mtoto anaweza kuwa ngazi ya 5 kwenye mwendo na akawasiliana vizuri kabisa.

Eti wazazi huongeza chumvi? Mara nyingine, ndiyo, hasa wakiulizwa swali la jumla. Usiulize "anakula mwenyewe?" Uliza jana jioni alikulaje, na nani alishika kijiko. Kipimo cha PEDI cha 1992, cha shughuli za kila siku za mtoto, hutegemea sana maelezo ya mzazi, na huandika msaada wa mlezi kando na uwezo wa mtoto.

Mwisho, alama zikishuka wazazi hudhani mtoto amerudi nyuma. Si lazima. Alama zinazomlinganisha na wa rika lake zinaweza kushuka huku yeye amejifunza mapya, kwa kuwa wenzake wameenda kasi zaidi. Mwombe mtaalamu akuonyeshe pia alichofanya mwaka jana na anachofanya sasa, kipengele kwa kipengele.