Inkosi wa Msinga si meya, na ardhi si mali yake

Kila nikisema kazi yangu ni upangaji wa matumizi ya ardhi huko Msinga, KwaZulu-Natal, Mswahili mwenzangu hunimalizia maneno: "Aa, kule kwa Wazulu chifu ndiye serikali, ardhi yote yake." Ningelivumilia kama lingeishia kwenye mazungumzo ya chai. Lakini nalisikia pia kwa watu wanaokuja na fedha za miradi, na wakishaliamini wanasaini karatasi na mtu asiye na mamlaka ya kusaini.

La utawala nitalipita haraka. Tangu uchaguzi wa Desemba 2000, hakuna kipande cha Afrika Kusini kilicho nje ya manispaa. Msinga ni bonde na milima ya mto Thukela, vijiji tu, lakini ni manispaa kamili: ina meya, ina bajeti, makao yake yako Tugela Ferry, na madiwani wake takriban nusu huchaguliwa na kata, nusu hutoka kwenye orodha za vyama. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi 177,577, karibu wote Wazulu. Inkosi, yaani chifu wa Kizulu, hurithi kiti chake, hutambuliwa kisheria na kulipwa na serikali. Anaweza kualikwa kwenye vikao vya madiwani na akazungumza, ila hapigi kura. Mtanzania aliyezoea kwamba uchifu ulifutwa 1963, na Mkenya anayemjua chifu kama mtumishi wa serikali, wote wawili wakipima kwa kipimo cha kwao watakosea.

Sasa ardhi. Sehemu kubwa ya Msinga iko chini ya Ingonyama Trust, mfuko wa amana ulioundwa kwa sheria ya bunge la KwaZulu siku chache tu kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994. Unashika karibu hekta milioni 2.8, kama asilimia 30 ya jimbo zima, na mdhamini wake pekee ni mfalme wa Wazulu. Mdhamini! Anaishika kwa niaba ya wanaoishi juu yake. Inkosi hana hati ya ardhi hiyo, na hata mfalme hawezi kuiuza kama mtu anavyouza shamba lake.

Na ugawaji wenyewe hauanzii kwa inkosi. Mgeni anayetaka kujenga hutafuta kwanza mkazi wa kumdhamini. Majirani huulizwa kama wanamkubali, na wakimkataa, safari yake imeishia hapo. Wakimkubali, induna, msaidizi wa inkosi katika eneo dogo liitwalo isigodi, huonyesha mipaka mbele ya mashahidi. Mwishoni ndipo mgeni huenda kukhonza: kujitambulisha kwa inkosi na kutoa ada. Haki inayozaliwa hapo ni nzito. Mji wa familia hupita kwa watoto na wajukuu, na hakuna jirani mwenye akili atakayesema kiwanja kile ni cha inkosi. Anayeita utaratibu huu "chifu anagawa ardhi yake" amewafuta majirani wote, na hao ndio wenye neno zito zaidi.

Bodi ya Ingonyama Trust yenyewe iliwahi kulisahau hilo. Ilianza kuwafanya wakazi wapangaji kwa mikataba ya kukodisha yenye kodi inayopanda kila mwaka, juu ya ardhi waliyorithi. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg ilisema bodi ilivunja sheria na katiba, kwamba wakazi ndio wenye ardhi hasa kwa mila ya Kizulu, na ikaamuru warudishiwe fedha zao. Bado nakutana na watu wanaozungumza kana kwamba hukumu hiyo haikutolewa.

Huduma nazo si za inkosi: maji ni ya wilaya ya uMzinyathi. Barabara zenye herufi P na D ni za jimbo, na zahanati vilevile. Umeme ni wa Eskom, shirika la umeme la taifa. Mabomba yakikauka usimlaumu inkosi, na mara nyingi hata ukimlaumu diwani wa Msinga humtendei haki.

Yanayoninyima usingizi ni mengine. Sheria ya mipango ya 2013, SPLUMA, inaipa manispaa uamuzi wa matumizi ya ardhi kila mahali, hadi kwenye ardhi ya amana. Katika mafunzo tunaambiwa utata uliishia hapo. Sioni hivyo. Ramani yangu inaonyesha njia ya mafuriko. Induna na majirani wameshamwonyesha kijana kiwanja kwenye njia hiyohiyo, na ameshapandisha ukuta. Sheria iko upande wangu. Uhalali machoni pa watu uko upande wao, na mimi binafsi siamini kwamba muhuri wa ofisi unatosha kumvunjia mtu nyumba yake.

Vivyo hivyo mabaraza ya jadi. Sheria ya 2003 ya uongozi wa jadi ilidai asilimia 40 ya wajumbe wachaguliwe, na theluthi moja wawe wanawake. Nilishangilia. Siku hizi nina mashaka, kwa sababu mjumbe aliyechaguliwa bado anaingia kwenye baraza ambalo kinara wake ni inkosi, na waliobaki wameteuliwa na inkosi huyohuyo. Mwanamke asiye na mume anayeomba kiwanja anahitaji mtu mmoja humo ndani anayeweza kumpinga inkosi akiwa amekaa mbele yake.