Wenyeji wa Aktiki si waonyesha njia tu

Wengi hudhani mtafiti akienda kaskazini ya mbali, kazi ya wenyeji ni kuendesha sleji na kumwonyesha njia; ujuzi anao yeye. Waulize Wainupiat, wenyeji wa Utqiaġvik, Alaska.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwapiga marufuku kuwinda nyangumi wa Aktiki, ikiamini wamebaki wachache mno. Wawindaji walibisha. Wanasayansi walikuwa wakisimama ukingoni mwa barafu na kuhesabu waliopita kwenye maji wazi. Lakini, wawindaji walisema, nyangumi hawa, wasio na pezi la mgongoni, hupita pia chini ya barafu, wakiipasua kwa kichwa ili wapumue. Nani angewaona?

Miaka ya 1980 vinasasauti viliteremshwa majini. Nyangumi wakasikika hata pale ambapo macho yaliona weupe mtupu, na makadirio yakapanda hadi maelfu kadhaa. Vifaa vilikuwa vya kitaalamu, sawa, lakini hoja ya kupimwa ilitoka kwa wawindaji. Tena, jambo linalosahaulika, serikali ya mtaa ya Wainupiat wenyewe iligharimia sensa hizo.