Shahada ya Uzamili ya Mipango Miji Haikupi Muhuri

Kila dirisha la udahili wa uzamili linapofunguliwa, malalamiko ya aina moja hurudi. Mhitimu anafika na cheti cha shahada ya pili ya mipango miji, anataka asajiliwe siku hiyohiyo na apewe muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa. Akielezwa utaratibu, anaondoka akisema anazungushwa. Hazungushwi. Chuo hutoa shahada. Kusajili ni kazi ya Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2007 ya Tanzania. Kufanya kazi hii kwa malipo bila kusajiliwa ni kosa kisheria, hata kama una shahada tatu.

Pili, kupanga si kupima. Hili tumelisema mara nyingi mno. Mtaalamu wa mipango miji huandaa mchoro wa mpango, mchoro huidhinishwa, ndipo mpima ardhi aende uwandani na ramani yake ya upimaji nayo iidhinishwe, kisha hati iandaliwe. Anayetaka kuweka mawe ya mipaka asiombe uzamili wa mipango miji.

Sasa, uzamili unaongeza nini? Niliwahi kuletewa mchoro wa urasimishaji, yaani kupanga makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, wa mtaa mmoja. Mistari imenyooka, viwanja vina namba, rangi zimepakwa vizuri. Barabara ya mita sita ilipita juu ya kisima ambacho kaya nyingi huchota maji. Mchoraji alitegemea picha ya setilaiti, na kwenye picha kisima kilijificha chini ya mwembe. Hakukanyaga pale. Wananchi walikuwa wameshachanga fedha zao, na mchoro ukabidi urudiwe. Iliniuma, na bado inaniuma.

Masomo ya ngazi hii yakifundishwa vizuri, hukutoa mezani. Utatembea mtaani na futi kamba, utakaa na mjumbe wa shina, utauliza maji ya mvua yanapita wapi. Chukua mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011. Waathirika wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Kuwatoa kwenye hatari ilikuwa lazima. Lakini mama aliyekuwa akiuza samaki Kariakoo atafikaje sokoni, na kwa nauli gani? Tasnifu nzuri huanzia kwenye swali la namna hiyo.

Kazi zipo, ingawa haziji zenyewe. Halmashauri ndizo mamlaka za upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, na nafasi zake hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Iko pia Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, yako mashirika ya nyumba, kampuni binafsi za upangaji, miradi ya usafiri na mifereji, na ualimu wa vyuo. Wapo waliosoma mwaka mmoja Dortmund, Ujerumani, na mwingine hapa kwetu katika Chuo Kikuu Ardhi, na leo wanafanya kazi za kimataifa.

Kama shahada yako ya kwanza ni ya jiografia, sosholojia au uhandisi, iulize Bodi kwa maandishi kama itakubalika kwa usajili, kabla ya kulipa ada, na utunze jibu. Usitegemee maneno ya rafiki. Kama ulisoma nje ya nchi, anza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kupata utambuzi wa shahada yako. Andaa nakala zilizothibitishwa za vyeti vyote pamoja na matokeo ya kila mwaka, si cha uzamili peke yake. Majina yalingane kwenye kila karatasi. Kama ulibadili jina, ambatisha hati ya kubadili jina.

Na siku ya kwanza kazini fungua daftari la kuonyesha uzoefu wako utakapoomba usajili: tarehe, eneo, kazi uliyofanya, jina na namba ya usajili ya msimamizi wako, na sahihi yake hapohapo. Usingoje miaka mitatu ipite, msimamizi awe ameshahamishiwa Kigoma.