Figo mpya haimwamshi mtu usiku

Jumatatu mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliniletea mume wake, miezi mitatu tangu arudi kutoka India na figo ya dada yake. Kabla sijauliza lolote akasema: "Munganga, ile figo haijamzoea. Usiku inamwamsha." Maneno haya nimeyasikia mno, na yananichoma. Wifi yake, aliyetoa figo, alikuwa palepale kwenye benchi. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeleta kitu kibaya nyumbani.

Kukosa usingizi peke yake si dalili kwamba mwili unakataa figo. Unapoikataa, mara nyingi mgonjwa hasikii chochote. Tunaona kwenye damu: kreatinini, uchafu ambao figo huuondoa, inapanda.

Nikamwomba baba apange dawa zake mezani, ataje saa ya kila moja. Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo: saa kumi na nusu alfajiri na saa kumi na nusu jioni. Kwa nini saa hizo? Kule India alikuwa anakunywa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, akaambiwa asibadilishe kamwe. India iko mbele ya Bukavu kwa saa tatu na nusu. Miezi mitatu kengele ya simu inamwamsha kabla ya jogoo, na lawama inakwenda kwa figo! Kinachotakiwa ni saa kumi na mbili kati ya dozi na dozi. Saa zenyewe tunazisogeza pamoja, mgonjwa asizisogeze peke yake.

Predinizoloni, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo, inywewe asubuhi, baada ya kula. Ya jioni inakesha na mtu.

Sasa mkojo. Aliyekaa miaka kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, bila kukojoa, kibofu chake kimenywea. Figo mpya inatoa mkojo vizuri, lakini pa kuuweka ni padogo, kwa hiyo anaamka mara nne, mara tano. Tena tumemwambia anywe lita mbili au tatu za maji, naye mchana kutwa yuko soko la Nyawera akiogopa kukosa choo, basi anayanywa yote usiku. Ndugu zangu, maji yaanze asubuhi, na mengi yawe yamekwisha kabla ya giza. Msiyapunguze, figo itaumia. Mkojo ukiunguza, au homa ikipanda, njoo siku hiyohiyo.

Vidonge vya usingizi msijinunulie. Predinizoloni inaongeza uzito, wengine wanakoroma hadi pumzi inakatika, na vidonge vinaweza kuzidisha hatari hiyo. Dawa za mizizi nazo zinaweza kuvuruga kiwango cha takrolimasi kwenye damu.

Vitabu vinaipa kila sababu ukurasa wake. Mgonjwa akiwa mbele yangu, mara nyingi nashindwa kutenganisha dawa na hofu. Kijana mmoja nilimpangia saa zote, bado halali. Mwishowe akasema anaogopa kulalia upande wa kulia, asije akaiponda figo. Nikamlaza kitandani, nikaweka mkono wake juu ya kovu, chini ya tumbo, kisha nikamgeuza taratibu kwa ubavu huo. Wiki iliyofuata alikuwa analala. Kama ni kwa sababu hiyo, siwezi kuapa.

Jumatatu ile nilimwonyesha yule dada karatasi ya kreatinini: "Figo yako inafanya kazi vizuri, mama." Akaishika muda mrefu. Kisha akauliza kama kaka yake aendelee kunywa chai ya usiku. Nikamwambia hapana, ainywe asubuhi.