Nani Aliyeipanga Sikukuu Hii?

Orodha nyingi za sikukuu zisizojulikana sana hutaja mavazi, vyakula na ngoma, kisha huandika tarehe moja kana kwamba ilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza kalenda, huanza na tarehe yenyewe: nani aliyeipanga, kwa kufuata jua, mwezi au sheria, na kwa nini mwakani haitaangukia siku ileile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, ambako Wahindu hutumia kalenda mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza, iitwayo Saka, hufuata mwezi, lakini kila baada ya muda huongezewa mwezi mzima ili isiachane na majira ya jua. Mwaka mpya wake ni Nyepi, ambao mwaka 2025 uliangukia tarehe 29 Machi, nao hupokewa kwa ukimya. Jioni ya kuamkia siku hiyo vijana huzunguka mitaani kwa kelele wakiwa wamebeba ogoh-ogoh, yaani masanamu makubwa ya mashetani yenye macho ya kutisha na meno yaliyochomoza. Kisha, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kama hiyo kesho yake, ni marufuku kuwasha moto au taa, kufanya kazi, kusafiri na kujiburudisha. Walinzi wa jadi, pecalang, hupita barabarani kuhakikisha kwamba amri inafuatwa, uwanja wa ndege wa kimataifa hufungwa, na mtalii asiye na habari na dini hiyo naye hulazimika kubaki ndani. Tangu mwaka 2018 hata intaneti ya simu huzimwa.

Kalenda ya pili, Pawukon, haijali jua wala mwezi. Ni mzunguko wa siku 210 unaojengwa na majuma ya urefu mbalimbali, kuanzia la siku moja hadi la siku kumi, yote yakienda sambamba. Galungan, sikukuu ambayo roho za mababu huaminika kurudi nyumbani, na ambayo kila familia husimamisha mbele ya lango nguzo ndefu ya mwanzi iliyopinda kileleni, hufuata mzunguko huo. Ndiyo sababu mwaka 2025 iliadhimishwa mara mbili, tarehe 23 Aprili na 19 Novemba, na hakuna aliyeona ajabu.

Sri Lanka nayo iliwahi kufanya jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili kujulikana zaidi. Huko kila mwezi mpevu ni siku ya mapumziko kitaifa, iitwayo Poya. Wabudha huvaa nguo nyeupe kwenda hekaluni, na uuzaji wa pombe husimamishwa. Poya ya Juni, Poson, hukumbuka kufika kwa Mahinda aliyeleta Ubudha kisiwani, na mahujaji humiminika kwenye mlima wa Mihintale. Mwaka 1966 serikali ilikwenda mbali zaidi: iliiondoa Jumapili katika mapumziko ya juma na kuweka mahali pake siku za Poya za robo zote nne za mwezi, si za mwezi mpevu pekee. Tatizo ni la hesabu tu. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni takriban siku 29 na nusu, ambazo hazigawanyiki kwa saba, kwa hiyo siku ya mapumziko ilihamahama, na nchi iliyokuwa ikiuza chai ng'ambo ikawa inapumzika wakati wateja wake wako kazini. Jumapili ilirudishwa mwaka 1971.

Wabaha'i, waumini wa dini iliyoanzia Uajemi katika karne ya 19, waliikabili hesabu isiyogawanyika kwa namna nyingine. Mwaka wao una miezi 19 yenye siku 19 kila mmoja, jumla siku 361, na zile nne au tano zinazosalia hazikufichwa ndani ya mwezi wowote. Zinaitwa Ayyám-i-Há, nazo ni siku za ukarimu, zawadi na sadaka kabla ya mwezi wa kufunga.

Japani, hatimaye, imewakabidhi wanaastronomia sikukuu mbili. Siku za Machi na Septemba ambazo mchana na usiku hulingana zilikuwa za ibada ya mababu wa mfalme. Sheria ya mwaka 1948 iliziondolea sura hiyo ya kidini na kuzifanya sikukuu za taifa. Tarehe zake hukokotolewa na taasisi ya taifa ya astronomia, kisha hutangazwa katika gazeti la serikali mwezi Februari wa mwaka unaotangulia. Mwaka 2012 sikukuu ya Septemba iliangukia tarehe 22, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1896. Zaidi ya hapo, sheria inasema kwamba siku ya kazi iliyobanwa katikati ya sikukuu mbili nayo huwa mapumziko. Siku ya kuwaheshimu wazee huwa Jumatatu ya tatu ya Septemba, na mwaka 2026 hiyo ni tarehe 21, ilhali ile ya kulingana kwa mchana na usiku ni tarehe 23. Basi Jumanne ya tarehe 22, isiyo na ibada wala shujaa wa kukumbukwa, ni sikukuu kamili kwa sababu ya majirani zake tu.