Ping imejibu, sawa, lakini hujaniambia kitu bado

"Mkubwa, mtandao uko poa, nimeping 8.8.8.8 na inarudi vizuri, ni apt tu imekufa, niinstoli seva upya?" Nimeipata hiyo meseji tena wiki hii (ping ni ile amri ya kuita mashine nyingine uone kama itajibu, apt ni programu ya Ubuntu na Debian ya kushusha pakeji), kutoka kwa kijana mwenye akili zake kabisa, na kabla nimjibu alikuwa ashaanza kutafuta flashi. Kwa hivyo naandika hapa, nikiulizwa tena natuma linki naendelea na samaki yangu ya ufuo wa Dunga.

Hiyo ping imethibitisha nini? Kwamba paketi ndogo ya ICMP (lugha ya mtandao ya kupima njia na kuripoti makosa) imetoka kwako, imefika kwa namba moja, imerudi. Basi. 8.8.8.8 ni namba tayari, so DNS, ile inayogeuza majina kuwa namba, hujaigusa. ICMP haina poti, so hujui kama TCP 80 ama 443 (milango ya http na https) inapita. Na ping ya kawaida ya Linux inabeba baiti 56 za data, ukiweka na hedi zake (maelezo ya mbele ya paketi) ni 84, so paketi kubwa pia hujaijaribu. Mike Muuss aliiandika ping Desemba 1983 akitafuta shida ya mtandao kazini kwake na ilimsaidia, sina ubaya nayo. Lakini swali lako wewe ni mbona apt haishushi pakeji, na hilo ping haijaulizwa.

Apt yenyewe huwa inasema shida ni nini, ni vile watu wakiona maandishi mekundu wanafunga macho. "Temporary failure resolving" ni DNS, hakuna mjadala. 404 kwa seva nzee ni kwamba pakeji zake zilihamishwa zamani, Debian 9 kwa mfano iko archive.debian.org. "Release file is not valid yet" ni saa ya seva iko nyuma, pengine betri ya CMOS (inayoshikilia saa mashine ikizimwa) imeisha halafu stima ikapotea usiku, rekebisha saa na uache kebo za watu. Ikikwama "Connecting to" na anwani ndefu ya koloni kibao, seva inadhani iko na IPv6 (zile anwani mpya ndefu za intaneti) na haina, jaribu `apt -o Acquire::ForceIPv4=true update`.

Na kwa DNS, tafadhali, wacheni kuandika nameserver (seva ya DNS ya kuuliza) kwa mkono ndani ya `/etc/resolv.conf` halafu mnashangaa kesho imefutika. Kwa Ubuntu ya siku hizi hiyo huwa ni symlink tu (kiungo cha faili nyingine), huduma ya systemd-resolved ndio inaiandika, ndio maana unaona 127.0.0.53 pale. Uliza `resolvectl status`. Na ukitaka kujua programu zako zinaona nini tumia `getent hosts archive.ubuntu.com`, kwa sababu `dig` inaenda moja kwa moja kwa seva ya DNS na kuruka `/etc/hosts` (orodha ya majina ya mashine yenyewe) na nsswitch (mpangilio wa wapi pa kutafuta majina), unaeza pata dig inakuambia hivi na apt inaona vingine kabisa.

Sasa ile inayoniudhi. DNS iko sawa, poti iko wazi, ping inarudi bila kupoteza hata moja, na apt imekaa tu kwa "0% [Waiting for headers]" mpaka chai ipoe. Ukijaribu `curl -v` kwa tovuti ya https unaona "Connected", unaona "Client hello" imetoka, halafu kimya. Hapo ndipo watu wanaanza kulaani apt, na shida ni MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa paketi moja. Ethernet inabeba baiti 1500, lakini ofisi nyingi hapa Kisumu na Kakamega ziko nyuma ya PPPoE (njia ya kuunganishwa na kampuni ya intaneti), ambayo inakula 8 unabaki na 1492, ukiweka VPN juu yake unakatwa tena. Ombi lako ni dogo linapita, jibu lenye cheti cha TLS (usalama wa https) ni paketi zimejaa mpaka juu, hazipiti. Boda imepita njia ya matope ikarudi, wewe ukaita lori.

Jaribu hivi: `ping -M do -s 1472` kwa namba yoyote ya nje (`-M do` inakataza paketi isikatwe vipande njiani). 1472 ukijumlisha 28 za hedi ni 1500. Ikikataa shuka 1464, halafu endelea kushuka mpaka ipite. Ndio, ni ping ile ile, lakini sasa unaiuliza swali la maana.

Kawaida hii kitu ingejitatua yenyewe. RFC 1191, hati ya kanuni za mtandao, ni ya 1990: rauta ikishindwa kupitisha paketi kubwa inamrudishia aliyetuma ujumbe wa ICMP, aina ya 3 kodi ya 4, kwamba punguza. Lakini kuna mtu mahali alisoma ati ICMP ni hatari akaifunga yote kwa fayawoli, "kwa usalama". Usalama gani bana? Umefunga ule ujumbe wa kuambia mtumaji apunguze, so anaendelea kutuma paketi zinazokufa njiani na hakuna anayemwambia. Kwa IPv6 ni mbaya zaidi juu rauta za katikati haziruhusiwi kukata paketi vipande kabisa. Ukitaka zuia echo (zile za ping), hiyo ni shauri yako, lakini aina ya 3 iache ipite.

Dawa ni kubana MSS (kiasi cha data kwa paketi moja ya TCP) kwa rauta, kwa iptables ni `--clamp-mss-to-pmtu`, ama kushusha MTU ya seva iwe 1400. Hiyo ya pili inafanya kazi na mimi huitumia, lakini siwezi kukudanganya kwamba huwa najua paketi ilikuwa inafia wapi. Ile ping ya `-M do` inapima njia ya kwenda, na majibu si lazima yarudi kwa njia hiyo hiyo. Mara nyingi naweka 1400, apt inashuka, na mkosaji simjui mpaka leo.

Kinyume chake pia ni uongo: ping ikikataa si lazima seva imekufa. Seva kibao za klaudi zimefungiwa ICMP na ziko kazini vizuri sana. Tumia `nc -vz` na poti unayoitaka.

Ya mwisho, "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Hii hata si mtandao, na bado mtu ataniambia ameping. Mara nyingi ni unattended-upgrades (masasisho ya kujiendesha) inafanya kazi yake, ngoja imalize. Usifute hiyo faili ya loki, ukifuta na dpkg (ile inayoinstoli pakeji chini ya apt) iko katikati unaeza haribu `/var/lib/dpkg/status` na hapo sasa utaijua Linux. Kama stima ilipotea katikati ya kuinstoli, ikirudi endesha `dpkg --configure -a`, halafu `apt -f install`. Ikikuuliza kuhusu faili ya mipangilio uliyoibadilisha wewe, jibu N ubaki na yako, ile mpya inaachwa hapo kando na `.dpkg-dist` kwa jina lake, utailinganisha ukiwa umetulia.