Salamanda wa Dunga ni mtoto wa kamongo

Kijana mmoja wa Dunga alitujia hapa makumbusho, Kisumu, akiwa amebeba chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. "Mwalimu, nimepata salamanda," akasema, na kabla sijajibu akanionyesha picha ya salamanda kwenye simu ili nisibishe. Ndani ya chupa, katika maji meusi ya kinamasi, kulikuwa na kiumbe mwembamba mwenye mkia bapa. Mahali pa miguu alikuwa na nyuzi nne, na shingoni alitoa vishada vilivyochanua kama manyoya. Nilitazama chupa, nikatazama simu. Kweli walifanana.

Hata hivyo hakuwa salamanda. Alikuwa kamongo mchanga, samaki yule yule ambaye akikomaa huuzwa kwa vipande sokoni. Nilimwambia kijana asione haya, kwa sababu mabingwa wa Ulaya walijikwaa papo hapo. Mwaka 1837 ndugu wa kamongo kutoka Amerika Kusini alielezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu, na mtaalamu aliyemwandika akamtia katika kundi la wanyama watambaao. Akampa jina Lepidosiren, yaani siren mwenye magamba. Siren ni aina ya salamanda wa Marekani.

Basi salamanda ni nani? Ni amfibia, jamaa ya chura, ila amebaki na mkia wake maisha yote. Umbo ndilo linalotudanganya, maana kwa mbali ni mjusi mtupu. Msogelee utaona tofauti: hana magamba, hana tundu la sikio, na vidole vyake kwa kawaida havina kucha. Ngozi yake ni laini na lazima iwe na unyevu. Unayemwona ukutani Kondele akiota jua saa sita mchana ni mjusi. Salamanda angekauka pale kama omena kwenye wavu. Zaidi ya nusu ya aina zao hazina mapafu kabisa, hupumua kwa ngozi na utando wa kinywa, kwa hiyo ngozi ikikauka, pumzi nayo imekwisha. Nyuti nao ni salamanda, wale ambao wengi wao huishi nchi kavu kisha hurudi majini msimu wa kuzaana.

Dunia ina zaidi ya aina 700 za salamanda, na karibu wote wako Amerika, Ulaya na Asia. Afrika yetu inao wachache Moroko, Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa porini, ingawa mifupa iliyogeuka mawe imepatikana Sudan na kuonyesha kuwa jamaa zao waliishi huko enzi za dinosaria. Amfibia wa Kenya ni vyura, na pia wale wasio na miguu wa Taita na Pwani ambao mkulima akiwafukua na jembe hudhani ni nyungunyungu mkubwa.

Kijana alitaka kujua kama ni kweli salamanda akikatwa mguu huota mwingine. Ni kweli, na hapo ndipo mnyama huyu anaponishangaza kila mara. Mjusi kafiri akiponyoka na kukuachia mkia, anaouotesha baadaye ni wa bandia: ndani yake kuna mrija wa gegedu, si pingili za mifupa. Aksolotli, salamanda wa Mexico ambaye watoto wetu wanamjua kwa michezo ya simu, huotesha mguu halisi wenye mifupa, misuli, neva na vidole. Kidonda hufunikwa na ngozi upesi, kisha chini yake seli hujikusanya na kufanya kichipukizi. Seli hizo zinajua zilipo. Ukikatwa kifundo, kitaota kiganja tu. Ukikatwa bega, utaota mkono mzima, wala hauzidi. Hata uti wa mgongo na sehemu za moyo hujirekebisha. Wanasayansi walipochapisha jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, mwaka 2018, walikuta ina herufi bilioni 32, kama mara kumi ya yetu. Na mnyama huyu aliyejaa maabara za dunia, porini amebaki kwenye mifereji ya Xochimilco, katika Jiji la Mexico, tu, naye yu hatarini kutoweka.

Kujilinda nako wanako. Nyuti wa Moroko na Hispania akibanwa husukuma ncha za mbavu zake mpaka zitoboe ngozi yake mwenyewe, zitoke nje kama sindano zilizopakwa sumu. Halafu hupona. Katika kuzaana ni wapole mno: kwa aina nyingi dume hucheza mbele ya jike, huweka kifuko cha mbegu chini, na jike hupita juu yake akakichukua.

Viluwiluwi wa salamanda huota miguu ya mbele kwanza, kinyume na wa chura, na matamvua yao hukaa nje, shingoni. Kamongo mchanga naye ana matamvua ya nje. Ndiyo yaliyomchanganya kijana wetu. Akikua matamvua hayo hupungua, naye huanza kupanda juu ya maji kuvuta hewa kwa mapafu, kiasi kwamba akizuiwa asifike juu hufa maji, samaki mzima! Mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi kamongo wa Afrika Magharibi anavyotembea chini ya maji kwa zile nyuzi zake za nyuma, ambazo ni mapezi, moja baada ya nyingine. Jamaa yake wa Amerika Kusini ameonekana akiotesha pezi lililokatwa. Kwa nasaba, kamongo yuko karibu zaidi na salamanda, na nasi pia, kuliko alivyo na mbuta au ngege, samaki wenzake wanaolala naye kwenye karai moja la muuzaji.

"Kwa hiyo nilikaribia," kijana akasema.

Nilimwomba amrudishe jioni ile ile, palepale alipomtoa kwenye mafunjo, kwa kuwa dume wa kamongo hulinda kiota chenye watoto wake. Nilimwonya pia asitie mkono kwenye kiota, maana meno yanayosaga konokono hayachagui kidole. Akaondoka na chupa yake mapajani, nyuma ya bodaboda, akiishika kwa mikono miwili.